Shujaa Akirudi, Kaja na Nini?



Karatu kuna baridi. Naanza na hilo kwa sababu hakuna aliyenionya. Mimi mtoto wa Unguja, niliyezoea jasho la kaskazi, nilifika Karatu mwezi wa Julai na khanga mbili na kijikoti cha mapambo. Tulikuwa wanawake saba, tumechangishana mwaka mzima kwa mchezo wa kupeana, tukaahidiana kwamba safari hii hatwendi Dubai wala hatununui mapazia. Tunakwenda kuiona Ngorongoro, maana ni aibu watu watoke Ujerumani kuja kuiona na sisi wenyewe tuijue kwa picha za kalenda.

Usiku wa kwanza baridi ilitushinda. Tukajikusanya chumba kimoja, mablanketi yote juu, chai ya tangawizi katikati, na mwenzetu mmoja akawasha kompyuta yake. Akasema, "Kwa kuwa tupo huku, tutazameni Hatari!"

Wengi wenu mmeisikia, na wazee wenu pengine wameiona. Ni sinema ya Hollywood ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks, na shujaa wake ni John Wayne, yule wa sinema za kauboi. Ilipigwa huku huku kaskazini mwa nchi yetu, kambi yake ikiwa Momella chini ya Mlima Meru, na picha nyingine upande wa Manyara na Ngorongoro. Kisa chake ni kundi la watu kutoka Ulaya na Marekani wanaokamata wanyama hai kuwapeleka kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Wanawafukuza faru na twiga kwa magari, vumbi linatimka, kamba zinarushwa. Na waigizaji walikuwa wanawakamata kweli, hawakuwa wanajifanya.

Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa mdogo, kwenye kanda ya video ya mjomba. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele na kutazama kwa jicho moja. Bibi alikuwa mpenzi wa sinema hasa. Katika ujana wake alikuwa miongoni mwa waliokwenda Majestic siku za maonyesho ya wanawake watupu, buibui limebanwa vizuri na njugu mkononi. Basi filamu ilipofika katikati, aliinua kichwa akauliza, "Na hawa wanaoshika kamba, wao kwao wapi?"

Sote tulicheka. Mjomba akamwambia, "Mama, hao si wenye hadithi."

Bibi akarudi kwenye mchele wake. Usiku ule Karatu, miaka zaidi ya ishirini baadaye, swali lake lilinirudia na sikuweza tena kucheka.

Safari ya shujaa

Wanaosoma mambo ya sinema wana maneno yao, "safari ya shujaa". Yametokana na kazi ya Mmarekani Joseph Campbell, aliyetoa kitabu mwaka 1949 akisema kwamba ngano nyingi za dunia zina umbo moja. Mtu wa kawaida anaitwa, anatoka kwao, anavuka mpaka na kuingia nchi asiyoijua, anapata wasaidizi, anakutana na mtihani mkubwa, anashinda, anapata kitu cha thamani, kisha anarudi nacho kwa watu wake. Aliyetunga Star Wars ya mwaka 1977, George Lucas, amesema wazi kwamba alijifunza kwa Campbell. Na hapa kuna jambo litakalowafurahisha: mswada wa Hatari! uliandikwa na mwanamke, Leigh Brackett, na mwanamke huyo huyo ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back kabla ya kufariki mwaka 1978. Kwa hiyo kati ya vumbi la Momella na zile nyota za sinema kuna kalamu ya mama mmoja.

Katika umbo hilo la Campbell, sehemu inayonigusa mimi ni ya mwisho, ya kurudi. Wageni wanadhani safari ni neno la kutazama simba. Sisi tunajua safari ni kwenda na kurudi, na ukirudi mtu wa kwanza kukuona atakuuliza, "Habari za safari?" Kisha atatazama mkononi mwako. Hata ukienda Pemba siku mbili, ukirudi mikono mitupu utasemwa. Hiyo si tamaa. Ni kukumbusha kwamba aliyetoka ametoka kwa ajili ya wenziwe pia.

Sasa tumuulize huyu shujaa wa Hatari!, anayeitwa Sean Mercer. Kaja na nini? Anakamata kila mnyama aliyeagizwa, mpaka faru. Wanyama wanapakiwa na kuondoka. Ardhi haikupata kitu na wenyeji hawakupata kitu. Sisi tuna methali yetu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika sinema za namna hii mgeni huja, hupona yeye, na mwenyeji hubaki ameshika kamba.

Mama Tembo

Lakini sitaki kuidhulumu filamu, kwa sababu ndani yake kuna shujaa mwingine, na ndiye aliyeniweka macho. Ni Dallas, mpiga picha wa Kitaliano, aliyeigizwa na Elsa Martinelli. Sean alikuwa anamtarajia mpiga picha mwanamume. Alipoona ni mwanamke, hakumtaka. Huyo bwana aliwahi kuwa na mchumba ambaye hakuyaweza maisha ya porini, na tangu hapo aliwahukumu wanawake wote kwa kosa la mmoja. Dada zangu, nani kati yetu hamjui mwanamume wa namna hiyo?

Dallas hajui kuendesha gari la kufukuzia faru wala hajui kurusha kamba. Lakini anapopatikana ndama wa tembo aliyebaki yatima, na Sean anaona hakuna namna ya kumnusuru, Dallas anakataa. Anatafutiwa maziwa ya mbuzi na kumlea. Anakuja ndama wa pili, na wa tatu. Wenyeji wa Kiarusha wanamwona, nao wanampa jina: Mama Tembo.

Hapo nikasimamisha filamu. Tazameni: wenyeji, ambao filamu haijawafuata nyumbani hata mara moja, ndio waliompa yule mwanamke cheo chake. Wenzake weupe walimwona mrembo na msumbufu. Wenyeji walimwona mama. Walioachwa pembeni ndio waliokuwa na jicho la kuona utu. Sidhani kama Hawks alikusudia tulione hilo, lakini lipo.

Kwangu mimi shujaa wa Hatari! ni huyu. Amekuja mgeni, mtihani wake ni kiumbe kidogo kinacholia njaa, na alichopata hakukipakia kwenye kreti. Kuwa binadamu hasa kunaanzia pale unapoacha kuuliza "nitapata nini hapa" na kuanza kuuliza "nani hapa ananihitaji".

Waliokuwa nje ya picha

Nikaanza kuhesabu miaka. Filamu ilipigwa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961. Yaani watu waliokuwa wakishika kamba nyuma ya John Wayne walikuwa katika mwaka mkubwa kuliko yote ya nchi yao. Jioni wakitoka kazini bila shaka walizungumza habari za Nyerere na bendera mpya. Katika filamu hakuna hata harufu ya jambo hilo. Safari ya shujaa iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ikitendeka pembeni ya kamera, na kamera ilikuwa inamfukuza twiga.

Asubuhi tulipanda Ngorongoro. Ukipita lango la Lodoare njia inaingia msitu mzito wenye ukungu, kisha ghafla miti inafunguka na unasimama ukingoni. Wallahi sikuwa na neno. Chini yako kiasi cha mita 600 kuna bonde duara la kilomita za mraba 260 hivi, na vile vijidoti vyeusi unavyovidhania ni vichaka ni nyati. Mwenzetu mmoja alianza kuleta tasbihi kimyakimya, na sote tukamfuata.

Mahali pale panaitwa Heroes Point, yaani mahali pa mashujaa, na pana kumbukumbu ya watu waliopoteza maisha yao katika kazi ya kuhifadhi eneo lile. Mbele kidogo, ukingoni hapo hapo, kuna kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege yake ilipogongana na tai. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama kutoka angani na kutengeneza filamu, Serengeti Haitakufa, iliyokuja kupata tuzo ya Oscar. Baba alikufa mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa ubavuni mwa mwanawe. Nilisimama pale nikamhurumia yule baba. Kuzika mtoto ni kuzika mtoto, uwe Mjerumani au Mmakunduchi.

Lakini mwaka huo huo wa 1959 kulitendeka jambo jingine ambalo halikuwekewa jiwe. Sheria ilitenganisha Serengeti na Ngorongoro. Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walitakiwa kuondoka, wakaambiwa Ngorongoro itakuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi chini kwenye kreta nao wakatolewa. Na tangu 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, kwa sababu watu wameongezeka kutoka wastani wa 8,000 mwaka 1959 mpaka zaidi ya 100,000, na ardhi ni ile ile. Wapo wakaazi na watetezi wa haki za binadamu wanaosema hiari hiyo ina mashaka, kwamba mtu akipunguziwa huduma mpaka akachoka, hatuwezi kusema amechagua.

Mimi si mwanasheria wala mtaalamu wa ikolojia. Najua pia kwamba wanyama wanahitaji kulindwa: faru weusi wa kreta walikuwa zaidi ya 100 katikati ya miaka ya 1960, na majangili waliwamaliza mpaka wakabaki chini ya 20 katikati ya miaka ya 1990. Kama wasingekuwepo wale ambao kumbukumbu yao iko ukingoni, leo tusingeona hata mmoja. Lakini nina maoni yangu, nayo ni haya: hadithi yoyote ya kuokoa ambayo haimuulizi mwenyeji "kwenu wapi, na wewe unasemaje" ina kasoro, hata kama picha zake ni nzuri. Mwenye nyumba hapangiwi chumba na mgeni. Na akiambiwa ahame kwa maslahi ya wote, basi katika hao wote naye awemo.

Na sisi pia

Msiseme nawalaumu wazungu tu. Sisi watu wa visiwani tunayo yetu. Misafara iliyoingia bara karne ya kumi na tisa ilifungwa mizigo Unguja na kuvuka kupitia Bagamoyo. Tuliwapa wasafiri wa Ulaya wapagazi na wakalimani. Tukawa na soko la watumwa pale Mkunazini mpaka 1873. David Livingstone ana nyumba yenye jina lake hapa mjini kwetu, lakini ni wangapi kati yetu tumewafundisha watoto wetu majina ya Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara mpaka pwani ya Bagamoyo mwaka 1874? Na mpaka leo tukisema "watu wa bara", wengi wetu sauti inashuka kidogo kana kwamba tunawataja wadogo zetu.

Nakiri langu. Pale Karatu tulifikia kwenye nyumba ndogo ya wageni. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiiraqw aliyetupikia siku tatu. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, mwanawe analeta maji kwa punda, madumu manne, naye anawasha moto ili tupate maji ya kutawadha ya uvuguvugu. Hakuwa Muislamu. Hakuna aliyemwambia kwamba tunahitaji maji ya moto alfajiri; alituona siku ya kwanza tunatetemeka bombani, akaelewa mwenyewe.

Siku ya mwisho, tukiwa tumeshafika Arusha kwenye basi, nilifungua simu kutazama picha. Nilikuwa na picha zaidi ya mia mbili. Tembo, nyati, flamingo, ukungu, sisi saba katika kila pozi. Ya yule mama sikuwa nayo hata moja. Na nilipotaka kumsimulia mama yangu kwa simu, nikagundua kwamba simjui jina. Siku tatu nilikuwa nikimwita "mama" na yeye akiniita "mwanangu", na sikuwahi kumuuliza jina lake wala kwao.

Nilikuwa nimecheza Hatari! mwenyewe, na shujaa nilikuwa mimi.

Nilipiga simu nyumba ya wageni, nikaomba kuzungumza naye. Tulizungumza zaidi ya nusu saa. Sasa jina lake ninalo, na kijiji chao nakijua, na najua kwamba yule kijana wa punda ni mjukuu, si mwana. Siliandiki hapa kwa kuwa sikumuomba ruhusa ya kuliandika. Lakini katika dua zangu nalitaja.

Nyayo

Kabla ya kuondoka kule tulipita kwenye jumba la makumbusho la Olduvai. Humo kuna nakala ya nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, ndani ya eneo hilo hilo la Ngorongoro. Wataalamu wanasema zina umri wa miaka milioni 3.6. Nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyokuwa bado mabichi. Wanasayansi wana lugha yao, nasi tuna imani yetu juu ya baba yetu Adam, amani iwe juu yake, wala sikuja hapa kuzigombanisha. Nataka mtazame jambo moja tu: wale hawakuwa peke yao. Nyayo zinakwenda sambamba, ndogo na kubwa, na mmoja anaonekana akikanyaga humo humo alimokanyaga mwenziwe. Hakuna shujaa mmoja pale. Kuna waliokwenda pamoja.

Nikamkumbuka Bibi Hajar. Kama kuna safari ya shujaa ninayotaka binti yangu aijue kabla ya ile ya John Wayne, ni hii. Mwanamke ameachwa jangwani na mtoto mchanga. Hana farasi, hana bunduki, hana msaidizi. Mtoto analia kiu. Anakwenda mbio kutoka kilima kimoja mpaka kingine, mara saba, kutafuta maji. Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam, na jangwa likawa mji, kwa sababu maji yale hakuwanyima waliokuja baada yake. Na leo anayekwenda Makka, awe mfalme au muuza samaki wa Darajani, mwanamume au mwanamke, lazima afuate nyayo za mama yule. Ibada ya mamilioni ni kupita alimopita mama anayemhangaikia mtoto.

Dallas na chupa ya maziwa ya mbuzi, mama wa Karatu na maji yake ya uvuguvugu, Bibi Hajar baina ya vilima viwili. Hawakwenda kushinda kitu. Walikwenda kwa sababu kuna mwenye haja, na kila mmoja alirudi na kitu mkononi.

Basi wapenzi wangu, nendeni Ngorongoro. Changishaneni, acheni mapazia kwa mwaka mmoja, na bebeni makoti ya kweli. Lakini ukifika, kabla hujampiga picha tembo, muulize dereva wako kwao wapi. Muulize anayekutandikia kitanda jina lake. Ukimwona Mmaasai kando ya njia, msalimie kwanza, usimwelekezee simu usoni kama mnyama. Na ukirudi nyumbani tukakuuliza habari za safari, tusimulie watu uliokutana nao.

Bibi yangu aliuliza swali lake akiwa na ungo wa mchele mapajani, na sisi tuliokuwa tumesoma tukamcheka. Mwenyezi Mungu amlaze pema, na atujaalie macho kama yake.

Wassalaam.